Lumumba karani wa posta: alitimiza kila sharti, mlango wa mkopo haukufunguka

Patrice Emery Lumumba tunamujua wote. Kuna mabarabara yenye jina lake, kuna mashule, kuna sanamu kule Kinshasa kwenye njia ya uwanja wa ndege. Kila tarehe 17 ya mwezi wa kwanza nchi inapumzika juu yake. Lakini Lumumba tunayemukumbuka ni ule wa mwaka 1960 tu, waziri mkuu wa kwanza, mtu wa hotuba. Kuna Lumumba mwingine ambaye hatumuzungumuzie sana: karani wa posta ya Stanleyville, baba wa familia mwenye mshahara mudogo, aliyehesabu feza za wengine mchana na kurudi nyumbani usiku kuhesabu madeni yake mwenyewe.

Redio yetu inaleta leo maisha ya huyo karani. Sababu ni hii: vijana wengi wa Goma wana ndugu Marekani, na ndugu hao wanatueleza habari za kuomba banki mkopo wa nyumba na kukataliwa na kompyuta bila kuona uso wa mtu. Wengine hapa hapa wanakataliwa mkopo mudogo na simu. Inaonekana kama jambo jipya. Ukisoma maisha ya Lumumba vizuri, utaona si jipya hata kidogo.

Mtoto wa Onalua

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 katika kijiji cha Onalua, teritwari ya Katako-Kombe, Sankuru. Wazazi wake walikuwa Watetela, wakulima wa kawaida: baba François Tolenga na mama Julienne Wamato Lomendja. Alisoma kwa Wakatoliki, akasoma pia kwa Waprotestanti wa Metodisti. Hakumaliza masomo makubwa. Wakati wa ukoloni hakukuwa masomo makubwa kwa Mukongomani, isipokuwa yule aliyetaka kuwa padri. Universite ya kwanza, Lovanium, ilifungua milango mwaka 1954, wakati yeye alikuwa tayari na umri wa miaka 29 na bibi na watoto.

Mwaka 1943 aliacha kijiji, akapita Maniema, akafanya kazi ya ukarani katika kampuni la madini huko Kalima. Mwaka 1944 akafika Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Hapo njo maisha yake yalijengeka. Alianza kazi katika serikali ya teritwari, kisha akatumwa Léopoldville kusoma kazi ya posta mwaka 1947 na 1948. Aliporudi alikuwa karani wa posta mwenye cheti. Mwaka 1951 alioana na Pauline Opango.

Alikuwa mtu wa kusoma bila kuchoka. Alisimamia maktaba, aliandika makala katika magazeti ya Wakongomani waliosoma kama La Voix du Congolais na La Croix du Congo. Aliongoza mashirika mengi ya mji, kati yao lile la Wakongomani wa posta na lile la ma-évolué wa Stanleyville. Évolué lilikuwa jina ambalo Wabeleji waliwapa Waafrika waliosoma, kama kusema mtu ambaye ameanza kuendelea lakini hajafika.

Mji wenye sehemu mbili

Ili kuelewa hesabu za Lumumba inafaa kuelewa kwanza mji wa ukoloni. Kila mji wa Kongo ulikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa ville ya wazungu, na kulikuwa cité ya weusi. Mara nyingi katikati waliacha eneo tupu: bustani, kambi ya askari, uwanja wa golf. Usiku mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea ville bila karatasi. Hapa Kivu ilikuwa vile vile. Bukavu wazungu walikaa penye peninsula za ziwa, Wakongomani wakawekwa Kadutu na baadaye Bagira.

Tofauti haikuwa ya uzuri wa nyumba tu. Ilikuwa ya karatasi, na karatasi njo mama ya mkopo. Mzungu aliyenunua kiwanja alipata certificat d'enregistrement. Mwenye hiyo certificat anaweza kwenda banki, anaweka kiwanja kama rehani, anapewa feza za kujenga. Asipolipa, banki inauza. Hiyo inaitwa hypothèque, na kwa sheria ya Kongo haisimame bila certificat. Mweusi wa cité alikuwa na livret ya logeur, kijitabu kinachoonyesha kwamba ameruhusiwa kukaa pale. Nyumba aliijenga mwenyewe, lakini ardhi chini ya nyumba haikuwa yake. Banki haiwezi kushika rehani juu ya ruhusa ya kukaa. Ni mwaka 1953 tu ambapo dekreti ilifungulia Wakongomani njia ya kuwa na mali ya nyumba na kiwanja kwa jina lao binafsi. Na njia hiyo ilikuwa ndefu.

Kwa upande wa wazungu mambo yalikuwa yamepangwa zamani. Kivu yetu ni mfano. Mwaka 1928 serikali ya Ubeleji iliunda Comité National du Kivu, ikaipa eneo kubwa la ardhi ili igawie makoloni na makampuni. Mwaka 1947 ikaundwa Société de crédit au colonat et à l'industrie, shirika la kukopesha makoloni na biashara zao. Jina lenyewe lilisema nani anayekopeshwa. Mashamba ya kahawa, chai na pyrèthre ambayo wazee wetu walifanyia kazi hapa milimani yalisaidiwa na ardhi ya namna hiyo na feza za namna hiyo. Mzee aliyekata majani alikuwa na nguvu za mikono tu, na mikono haiwekwe rehani.

Hata ng'ambo ya mipaka ilifanana. Tanganyika Waingereza waliweka sheria za kuzuia wafanyabiashara wasikopeshe wenyeji. Walisema wanawalinda wasizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba mwenyeji hakukuza duka wala shamba kwa mkopo, huku Mzungu akikuza.

Baada ya vita vya pili Wabeleji walianza kujenga nyumba za Wakongomani kwa wingi. Mwaka 1952 waliunda Office des Cités Africaines. Ni hiyo iliyojenga Bagira kule Bukavu, na Matete, Bandalungwa na Lemba kule Léopoldville. Mwaka 1955 Mfalme Baudouin, yule waliyemuita Bwana Kitoko, alitembelea Kongo, na mwaka ule ule Fonds du Roi ikaundwa ili kusaidia Wakongomani kupata nyumba, pia kwa mkopo. Tuseme ukweli: nyumba hizo zilikuwa nzuri, familia nyingi zinakaa ndani mpaka leo. Lakini sharti la kulipa lilifuata mshahara. Mwenye mshahara mkubwa kidogo aliweza kununua polepole, mwenye mshahara mdogo alipanga, na mwenye mshahara mdogo zaidi alibaki na kibanda chake. Hakuna aliyeandika kwamba mweusi asipate villa. Hapakuwa haja ya kuandika. Mshahara wake ulikuwa umekwisha kusema.

Kadi ya kuwa kama mzungu

Mshahara nao ulitoka wapi? Katika kazi ya serikali kulikuwa madaraja mawili ya watumishi, la Wazungu na la Wakongomani wasaidizi. Karani mweusi na karani mweupe waliweza kukaa meza jirani, wakapiga muhuri barua zile zile, na mwisho wa mwezi wa kwanza akapata sehemu ndogo tu ya kile cha wa pili. Mpangilio mmoja kwa wote ulikuja mwaka 1959, wakati nyumba ilikuwa tayari inawaka moto.

Ma-évolué walilalamika. Wabeleji walijibu kwa kutoa karatasi. Mwaka 1948 ilikuja carte du mérite civique, kadi ya raia mwema. Ili kuipata ilifaa ujue kusoma na kuandika, usiwe na wake wawili, usiwe na kosa la wizi mahakamani. Mwaka 1952 ikaja kitu kikubwa zaidi: immatriculation. Aliyeipata aliwekwa chini ya sheria ya kiraia ya Wazungu. Ilikuwa kama mtihani wa mwisho wa kuwa mtu.

Na mtihani wenyewe ulikuwa wa ajabu. Tume ilikuja mpaka nyumbani kwako. Iliangalia kama mnakula mezani na kisu na forshete. Iliangalia kama sahani zinafanana, kama choo ni safi, kama watoto wana chumba chao, kama bibi anakaa mezani pamoja na bwana. Waliuliza maswali, walijaza fomu, kisha wakaenda kupima. Hakuna mzungu aliyewahi kupimwa forshete zake ili apewe haki zake.

Lumumba aliomba immatriculation. Mara ya kwanza walimukatalia. Hakukata tamaa, akaomba tena, na mwaka 1954 wakamukubalia. Fikiria idadi hii: kufikia 1958, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 13, waliokuwa na immatriculation walikuwa wanaume 217 tu, na wenye carte du mérite civique walikuwa kama 1,550. Lumumba alikuwa kati ya wale wachache kabisa waliopita juu ya kila kizuizi.

Na sasa njo sehemu chungu. Kadi haikubadilisha mshahara wake. Haikumuhamisha daraja kazini. Ilimuongezea gharama. Mtu aliyepewa kadi kwa sababu ya sahani na vitanda vya watoto alitakiwa aendelee kuwa na sahani na vitanda, avae suti, apokee wageni, alipie magazeti na vitabu, asomeshe watoto. Serikali ilimudai aishi kama Mzungu na ikamulipa kama mweusi. Pengo la katikati lilifaa lizibwe na kitu fulani. Kwa karani Mubeleji wa umri wake ungekuwa mkopo. Kwa Lumumba ulikuwa deni dogo dukani, deni kwa rafiki, na mwisho kishawishi.

Sanduku la posta

Lumumba alifanya kazi katika ofisi ya chèques postaux, mahali ambapo feza za watu na za makampuni zinapita kwa maandishi. Mwaka 1955 Mfalme Baudouin alipofika Stanleyville, karani huyo alizungumza naye dakika kadhaa, jambo ambalo wazungu wengi wa mji walilionea wivu. Mwaka 1956 alichaguliwa kwenda Ubeleji pamoja na Wakongomani wengine, wageni wa serikali. Alikuwa kijana wa mfano.

Aliporudi, katika mwezi wa saba 1956, alikamatwa. Walipata kwamba zaidi ya franka 100,000 zilikuwa zimetoka katika mahesabu ya posta. Lumumba hakusema feza hazikutoka. Alieleza kwamba mshahara haukutosha kwa maisha ambayo hali yake ilimudai. Feza zilirudishwa. Mahakama ilimupa miaka miwili, kisha adhabu ikapunguzwa, na mwaka 1957 akatoka boloko.

Wale wanaomupenda Lumumba mara nyingi wanaruka hii sura. Wale wanaomuchukia wanasimama hapa tu. Sisi tunaona inafaa kuisoma yote. Kuchukua feza za watu ni kosa, na yeye mwenyewe aliadhibiwa. Lakini kosa lile linaonyesha pia mashine iliyokuwa imemuzunguka. Mtu mwenye kazi ya kudumu, mwenye miaka mingi kazini, mwenye sifa nzuri kwa wakubwa, mwenye karatasi ya juu kuliko zote: kwa banki yoyote huyo ni mteja salama. Kwake hapakuwa na dirisha la kugonga. Na baada ya hukumu, jina lake lilikuwa na doa ambalo maadui wake walilitumia mpaka siku ya mwisho.

Boloko pia ilikuwa shule yake. Katika miezi ile aliandika kitabu kirefu juu ya Kongo na juu ya mahusiano ya weusi na wazungu, Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé ? Kilitoka mwaka 1961, wakati mwandishi alikuwa amekufa. Atakayekisoma leo atashangaa. Ndani yake si Lumumba wa 1960. Ni mtu mpole, anayeamini bado kwamba Wabeleji wakionyeshwa hesabu vizuri watarekebisha mishahara na kuwapa waliosoma nafasi yao. Alikuwa bado anaamini fomu. Alifikiri shida ni kwamba haijajazwa vizuri.

Kutoka Polar mpaka serikali

Baada ya boloko Lumumba hakurudi posta. Alienda Léopoldville, akapata kazi kwa brasserie iliyotengeneza bia ya Polar, akawa mkubwa wa kuuza. Alizunguka cité zote kuinadi, dhidi ya Primus ya upande mwingine. Huko njo alijifunza kusema na watu wa kawaida: watu wa soko, wa nganda, wapangaji wa nyumba za udongo ambao hakuna tume ingewahi kwenda kuangalia forshete zao.

Hapo mawazo yake yalibadilika. Alianza kuona kwamba wachache 217 wakipita, mamilioni wanabaki nje, na wale 217 wenyewe hawajafika. Katika mwezi wa kumi 1958 alianzisha na wenzake Mouvement National Congolais. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa Accra, kwenye mkutano wa Waafrika ulioitishwa na Kwame Nkrumah. Katika mwezi wa kwanza 1959 Léopoldville ililipuka. Mwisho wa mwaka ule Lumumba alikamatwa tena Stanleyville baada ya machafuko, akatolewa boloko mwaka 1960 ili akae kwenye Table ronde ya Brussels. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 chama chake kilipata viti 33 kati ya 137, zaidi ya chama kingine chochote. Alikuwa waziri mkuu kabla ya kutimiza miaka 35.

Tarehe 30 mwezi wa sita 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, alitoa hotuba ambayo haikupangwa kwenye programu. Watu wanakumbuka hasira yake. Lakini ukisikiliza vizuri mambo aliyoyataja, ni mambo ya karani anayejua bei. Alitaja mishahara isiyotosha kula, kuvaa wala kukaa vizuri. Alitaja ardhi iliyochukuliwa kwa maandishi yaliyoitwa sheria. Alitaja kwamba sheria haikuwa moja kwa mweupe na mweusi, na kwamba mijini kulikuwa majumba ya wazungu na vibanda vya weusi. Nyumba ilikuwamo ndani ya hotuba ya uhuru.

Hakupata muda wa kuirekebisha. Siku chache baadaye askari waliasi, Katanga ikajitenga, wataalamu Wabeleji wakakimbia. Mwezi wa tisa Rais Kasa-Vubu alimuondoa kazini na Kanali Mobutu akashika mamlaka. Lumumba alijaribu kukimbilia Stanleyville, mji wake wa posta, akakamatwa njiani mwezi wa kumi na mbili. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 alipelekwa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku ule ule wote watatu waliuawa. Miili yao iliharibiwa. Kilichobaki ni jino moja, ambalo Ubeleji ililirudisha kwa familia mwaka 2022, likazungushwa nchini na kuzikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi wa sita. Familia ilingoja miaka 61.

Mashine inayouliza maswali yale yale

Tuvuke sasa bahari, tuende walipo ndugu zetu. Marekani nayo ilikuwa na ville na cité zake. Kuanzia miaka ya 1930 mashirika ya serikali yalichora ramani za miji. Mitaa ya weusi iliwekwa rangi nyekundu, maana yake hatari, usikopeshe hapa. Familia za wazungu zilinunua nyumba kwa mkopo wenye dhamana ya serikali, wakaziachia watoto. Familia za weusi zilibaki kupanga. Sheria ya 1968, iliyotiwa saini wiki moja baada ya kifo cha Martin Luther King, ilikataza ubaguzi katika nyumba.

Kisha zikaja kompyuta. Tangu 1995 mashirika makubwa mawili ya mikopo ya nyumba, Fannie Mae na Freddie Mac, yanatumia programu inayopima ombi na kutoa jibu kwa dakika chache. Programu haiulizi rangi yako. Inauliza mapato, madeni, akiba, na historia yako ya kulipa. Wengi walifikiri ubaguzi umekwisha, kwa sababu mashine haina macho.

Mwaka 2021 waandishi wa habari wa The Markup walichunguza maombi zaidi ya milioni 2 ya mwaka 2019. Walilinganisha watu wenye mapato, madeni na mikopo inayofanana. Walikuta mweusi ana uwezekano wa asilimia 80 zaidi wa kukataliwa kuliko mweupe anayefanana naye. Makampuni ya mikopo yalipinga, yakisema alama za historia ya kulipa hazikuwemo katika takwimu hizo. Ni kweli hazikuwemo, kwa sababu hazitolewi hadharani. Lakini swali linabaki: alama hizo zinapimaje? Kwa miaka mingi aliyelipa deni la nyumba kila mwezi alipanda alama, na aliyelipa kodi ya kupanga kila mwezi, bila kukosa hata mara moja, hakuhesabiwa kitu. Fannie Mae ilianza kuangalia malipo ya kodi mwaka 2021 tu. Na nani alikuwa mpangaji? Yule ambaye babu yake alikaa ndani ya mstari mwekundu, pamoja na mkimbizi aliyefika juzi kutoka Kivu.

Mashine na tume ya forshete zinafanana hapo. Hakuna mojawapo iliyouliza rangi. Zote mbili ziliuliza vitu ambavyo rangi ilikuwa imevigawa tangu zamani: mshahara, karatasi, kiwanja cha baba. Lumumba alijaza kila kitu alichoulizwa, mpaka sahani. Aliyeandika maswali alijua majibu mbele yake.

Kwa ndugu walio Marekani kuna jambo moja la kufaa: sheria ya kule inalazimisha mkopeshaji aliyekataa ombi kukueleza sababu kwa maandishi, ukiomba. Kompyuta ikisema hapana, omba sababu hiyo. Wengi hawajui haki hii, wanaondoka kimya.

Na sisi hapa Goma? Wengi wetu tuna parseli kwa fiche parcellaire au karatasi ya mauzo iliyotiwa saini mbele ya chefu wa avenue. Tangu sheria ya 1973 ardhi yote ni ya serikali, na hypothèque bado inadai ile ile certificat d'enregistrement ya wakati wa Wabeleji. Asiyekuwa nayo anarudi kwa likelemba na kwa AVEC ya mtaa. Huko tunajuana, mama anayelipa kila wiki anaheshimiwa, na nyumba nyingi za mbao juu ya lava zilisimama kwa feza hizo. Simu nazo zimeanza kukopesha, na programu inaamua kwa siri nani apewe na kiasi gani. Mzungu hayupo tena mezani. Lakini mama wa soko ambaye hana certificat, hana hati ya mshahara, na ambaye likelemba yake haiandikwe popote, anapata jibu gani?

Lumumba alitumia miaka kumi akitafuta kupita mtihani, na miaka mitatu ya mwisho akiuliza nani aliyeutunga. Swali la pili ndilo lililomufanya kuwa Lumumba. Ukikataliwa mkopo, iwe Kinshasa, Goma au Dallas, anza nalo: ni maswali gani niliulizwa, na nani aliyeyachagua?